Muvi iliyokaa sinema siku 4 tu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba msiinuke kwanza, najua muda umeenda na wengine mnawaza usafiri, ila nina jambo limenikaa kifuani na nikiondoka nalo leo sitalala.

Hii muvi mliyotoka kuiona sasa hivi, Taipei Story, ilipotoka mwaka 1985 kule Taipei, Taiwan, ilikaa kwenye majumba ya sinema siku 4. Siku nne tu jamani. Yaani unasikia kuna muvi mpya, unasema nitaenda nikishapata mshahara, mshahara unaingia unakuta bango limeshabanduliwa na pameshabandikwa lingine. Na yule jamaa aliyecheza kama Lung, yule mkimya mwenye sura ya kawaida kabisa anayesaidia kila mtu alafu mwisho anabaki hana kitu, huyo ndiye aliyeweka nyumba yake rehani ili muvi ipate hela ya kutengenezwa. Anaitwa Hou Hsiao-hsien, na kazi yake wala siyo uigizaji, ni dairekta. Aliweka nyumba rehani kwa ajili ya muvi ya mtu mwingine, muvi ya rafiki yake. Hiyo nyumba na hizo siku 4 ndio nataka tuziongelee kidogo, na jinsi kitu kilichoanguka vile mbele za watu kimekuja kufika hapa kwenye ukuta wetu leo kikiwa safi kama kimepigwa juzi.

Mimi nilikutana nayo kwa kopi mbovu. Rafiki alinipa kwenye flashi, kopi ya kopi, inaonekana mwanzo wake ulikuwa kanda ya video maana kulikuwa na ule mstari unaotetemeka chini ya picha. Sabtaito zilikuwa nyeupe, kwahiyo mtu akivaa shati jeupe maneno yanapotelea humo, unabaki unakisia kasema nini. Na usiku! Muvi hii robo tatu ya roho yake iko usiku, mmeona wenyewe, kwenye kopi ile usiku wote ulikuwa tope jeusi, unasikia pikipiki zinapita hujui zinatoka wapi zinaenda wapi. Niliiangalia nusu saa nikaizima nikalala.

Kilichonirudisha ni kile kipande cha kwanza kabisa, pale Lung na mpenzi wake Chin wanazungukazunguka ndani ya nyumba tupu wanayotaka kuichukua. Hamna kiti, hamna pazia, kuta nyeupe tu na mwanga wa dirishani, na wanaongea hiki kitakaa hapa, kile kitakaa pale. Kipindi kile na mimi nilikuwa natafuta nyumba na mwenzangu, tunazungushwa na dalali, na kuna kitu mtu akishaingia nyumba isiyo na vitu anakijua, ile sauti. Ukisema neno linagonga ukuta linakurudia, hata ukiongea taratibu. Siku moja tumesimama sebuleni kwa watu namna hiyo, mwenzangu akasema kabati litakaa hapa, nikasikia sauti yake inavyorudi, nikakumbuka ile muvi palepale. Nikaenda nyumbani nikaianza upya mpaka mwisho, kwa kopi ileile mbovu, nikamaliza saa 8 za usiku nikiwa nimekaa tu naangalia skrini nyeusi. Wale watu wawili wanapanga vyombo kwenye maisha ambayo hawatayaishi, na sisi watazamaji tunalihisi hilo kabla yao kwa sababu ya ule mwangwi tu.

Sasa nani aliitengeneza. Edward Yang, Kichina Yang Dechang, kazaliwa Shanghai mwaka 1947 akaletwa Taiwan mwaka 1949 akiwa mdogo sana, wakati serikali ya Chiang Kai-shek imeshindwa vita bara, yaani China, na watu wanavuka bahari kukimbilia kisiwani. Hou naye ni hivyohivyo, kazaliwa bara mwaka huohuo wa 1947, kaletwa akiwa mchanga. Yang kasomea uhandisi wa umeme, kaenda Marekani kachukua shahada ya pili Florida, kajaribu chuo cha filamu kule California hakukaa, kaacha, kaenda zake Seattle kufanya kazi za kompyuta miaka kama 7 hivi. Alikuwa anapata mshahara mzuri, mtu wa kwao wangesema huyu ameshatoboa. Alafu jioni moja akaingia sinema hukohuko Seattle akaona filamu ya Mjerumani Werner Herzog, Aguirre, akatoka pale anajua anataka kufanya nini na maisha yake. Mwaka 1981 yuko Taiwan. Umri wa miaka 33, 34, anaanza moja.

Na Taiwan aliyoikuta, tuelewane hapa, wengi wetu tuliokulia kwenye mabanda ya video tukisikia muvi za upande ule tunawaza mateke, mapanga na mzee mwenye ndevu nyeupe anayeruka juu ya mapaa. Nazipenda hizo mpaka leo. Lakini kisiwa chenyewe kilikuwa chini ya sheria ya kijeshi, ilianza tarehe 20 Mei 1949 ikaja kuondolewa tarehe 15 Julai 1987, hesabuni wenyewe, miaka 38. Kampuni kubwa ya filamu, Central Motion Picture Corporation, ilikuwa mali ya chama tawala. Na lugha. Watu wengi kisiwani wanaongea Kihokkien cha pale, wanakiita Kitaiwani, ila shuleni ni Kimandarini tu, mtoto akiteleza akaongea lugha ya mama yake anatozwa faini au anavishwa kibao shingoni. Naona watu wanatabasamu hapo nyuma, kile kibao wengine wetu tumekivaa.

Kwahiyo ilipofika mwaka 1982 ile kampuni ya chama ikawa hali mbaya, watazamaji wanakimbilia muvi za Hong Kong, wakaamua kubahatisha na vijana wasio na jina maana vijana ni bei rahisi. Wakawapa wanne muvi moja wagawane vipande, inaitwa In Our Time, Yang akiwa mmojawapo. Hapo ndipo watu huanzia kuhesabu Wimbi Jipya la Taiwan, ndio jina la kizazi hicho cha madairekta vijana. Mwaka uliofuata ikaja The Sandwich Man, ya vipande vitatu, na kipande kimoja kilikuwa cha fundi kibarua aliyegongwa na gari la afisa wa Kimarekani, familia inafika hospitali inapewa matofaa, tunda la matajiri wakati ule, wanakaa wanatafuna. Kuna watu wakaandika barua ya siri kulalamika kwa chama kwamba filamu hii inaonyesha umaskini wetu, kampuni ikataka kukata vipande, mwandishi wa gazeti akalitoa jambo hadharani, kukawa na kelele, muvi ikapita. Nasema haya ili mjue hawa vijana walikuwa wanafanya kazi kwenye uwazi mwembamba kiasi gani. Kuonyesha mtu wa kawaida anavyoishi kwake ilikuwa ni ujasiri.

Na walikuwa wanakaa pamoja, hili ndilo linanigusa kuliko yote. Wanakutana nyumbani kwa Yang wanaangalia filamu, wanabishana mpaka usiku, mmoja akiandika mwenzake anasoma. Angalieni Taipei Story imejaa wao wenyewe. Script kaandika Yang na Hou na Chu T'ien-wen, mwandishi wa hadithi. Yule dereva teksi rafiki yake Lung, aliyekuwa anacheza naye utotoni, mwenye mke mcheza kamari na watoto hajui atawalisha nini, yule ni Wu Nien-jen, naye mwandishi wa script. Yule msanifu majengo wa ofisini kwa Chin ni Ko I-chen, dairekta, mmoja wa wale wanne wa In Our Time. Na Chin ni Tsai Chin, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa sana kipindi hicho, ambaye yeye na Yang walikuja kuoana mwaka huohuo wa 1985. Hawakuwa na hela ya kuajiri majina, walikuwa nao wenyewe. Hou akasema basi, nyumba yangu hii hapa.

Mwaka 1985 inatoka. Siku 4. Mimi nadhani watu waliona mwimbaji wao kipenzi kwenye bango, na jina lenyewe la Kichina ni Qing Mei Zhu Ma, maneno yanayotokana na shairi la Li Bai wa zamani sana, linaongelea watoto wawili wanaocheza pamoja, huyu na farasi wa mwanzi, yule na matunda ya plamu mabichi, yaani wapenzi waliojuana tangu utotoni. Ukisoma hivyo unajiandaa kwa mapenzi na nyimbo. Unaingia ndani unakuta mwanamke mwenye miwani myeusi anakaa kimya ofisini, na mwanaume anamwaga hela kulipa madeni ya baba mkwe ambaye hata siyo baba mkwe bado. Huko Uswisi, kwenye tamasha la filamu la Locarno, wakosoaji wa kimataifa waliipa tuzo yao mwaka huohuo. Ila tuzo ya Locarno hailipi rehani.

Ngoja sasa niingie kwenye muvi yenyewe maana ndio raha ya jioni hii.

Lung ana duka la vitambaa mtaa wa Dihua. Mtaa ule upo, uko upande wa Dadaocheng, sehemu ya zamani ya Taipei karibu na mto, maduka ya vitambaa, dawa za asili na vyakula vikavu, nyumba nyembamba za matofali zilizobanana. Chin anafanya kazi kwenye maghorofa mapya, upande wa vioo. Wanapendana, wamejuana tangu watoto, wanaishi mji mmoja, lakini kila mmoja yuko mwaka wake. Yang hajawahi kumtuma mtu kuja kutusomea hilo mdomoni, anakuwekea tu huyu dukani kwake mbele ya marobota ya kitambaa na yule mbele ya dirisha kubwa, kazi unabaki nayo wewe.

Kuna yule msanifu dirishani, mnamkumbuka, anaangalia maghorofa nje anasema siku hizi yanafanana mno mpaka hajui lipi alilichora yeye na lipi hakulichora, kama vile awepo asiwepo ni sawasawa. Anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongelea mvua. Nimeona muvi nyingi za mtu kulia juu ya maisha yake, hakuna iliyonikaba koo kama huyu mtu asiyelia.

Alafu kuna besiboli, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu bila hii nusu ya muvi inakupita, na mimi ilinipita mara mbili. Sisi besiboli hatuna, tunaona mtu kashika gongo tu. Ila kwa mtu wa Taiwan wa umri wa Lung lile gongo ni kitu kingine. Mwaka 1968 timu ya watoto wa shule ya Hongye, kijiji cha milimani huko Taitung, watoto wa wenyeji asilia, iliifunga timu ya watoto iliyotoka Japani. Na Japani iliwahi kuitawala Taiwan miaka 50, 1895 mpaka 1945. Nchi nzima ikarukwa na akili. Mwaka unaofuata timu nyingine ya watoto, Golden Dragons, ikaenda mpaka Williamsport, Pennsylvania, kwenye kombe la dunia la watoto, ikarudi na ubingwa. Tangu hapo mpaka 1996 Taiwan imechukua lile kombe mara 17. Kwa tofauti ya saa mechi zinachezwa kwao ikiwa usiku wa manane, watu wanaamka, mtaa mzima unajazana kwenye nyumba yenye TV. Na huo ndio wakati ambao dunia inawafungia milango, mwaka 1971 wametoka Umoja wa Mataifa, tarehe 1 Januari 1979 Marekani inakata uhusiano inahamia Beijing. Kwahiyo wale watoto wa miaka 12 walikuwa wamebeba nchi kichwani.

Lung alikuwa mmoja wa watoto kama hao. Alikuwaga nyota. Fikirieni kijana ambaye nchi nzima iliamka usiku kwa ajili yake akiwa na miaka 12, alafu inabidi aishi miaka mingine yote iliyobaki. Anauza vitambaa. Anakaa kuangalia mechi za Marekani kwenye kanda za video. Pale baa vijana wa ofisini wanapomchokoza kwenye vishale na anakuja juu mpaka wanakunjana, mara ya kwanza niliona ni ugomvi wa kijinga, sasa nikiangalia mkono wake naona ni mkono uliowahi kurusha mpira mbele ya dunia, leo umeshikilia kishale na wanaucheka.

Shemeji yake yuko Los Angeles na Lung muda wote anawaza kuhamia huko afanye naye biashara, na Chin naye anaitegemea hiyo Marekani kama mlango wa kutokea. Wengi humu tuna shemeji huyo. Wengine ndio sisi hao shemeji. Sasa karibu na mwisho Lung anamwambia Chin kwamba ndoa siyo dawa ya kila kitu, na Marekani nako siyo dawa, ni tumaini la muda mfupi tu linalokudanganya kwamba unaweza kuanza upya. Na Chin hajamjibu kitu cha maana maana hakuna jibu. Anayeyaandika haya na mwenzake ni mtu aliyekaa Marekani miaka zaidi ya 10, kapata kila alichokifuata, alafu karudi. Ndio maana maneno yale hayasikiki kama mahubiri.

Lugha nayo sikilizeni mkiirudia. Kwenye kopi yangu mbovu sauti ilikuwa inavuma sikuweza kutofautisha, leo mmesikia. Dukani na kwa wazee ni Kitaiwani, ofisini kwa Chin ni Kimandarini, na wenyewe wanaruka toka hiki kwenda kile kama sisi tunavyofanya, sheng huku, lugha ya mama kwa bibi, Kiswahili cha ofisini, na mtu akibadilisha lugha unajua kuna kitu kimebadilika kati yao. Kwa nchi ambayo mtoto alikuwa anavishwa kibao, kuisikia ile lugha ya nyumbani kwenye filamu ya mjini, ikiongelewa na watu wazima wenye shida za kweli, siyo jambo dogo. Kabla yao kulikuwa na sinema nzima ya Kitaiwani, kuanzia katikati ya miaka ya 50 zilitengenezwa muvi zaidi ya 1,000, nyeusi na nyeupe, bajeti ndogo, mapenzi, vichekesho, majasusi, kila kitu, alafu zikafifia Kimandarini kilipobebwa na serikali na TV ilipoingia majumbani. Zilizobaki leo ni 200 na kitu. Nyingine zote zimeoza, zimetupwa. Waigizaji wake, nyimbo zake, mitaa iliyopigwa humo ndani, haipo tena popote.

Hilo ndilo lililokuwa linaisubiri Taipei Story pia. Watu wakisikia filamu imepotea wanawaza moto, wanawaza mafuriko. Mara nyingi hakuna moto wowote. Filamu inakaa ndani ya kopo lake kwenye rafu, hakuna anayeionyesha, haijatolewa kwenye kanda wala diski ya maana, mwenye haki hajulikani ni nani au hana mpango, na wakati huo ile plastiki yenyewe inakufa taratibu. Ukifungua kopo la filamu iliyoanza kuoza unapigwa na harufu ya siki, kali, inachoma pua, utadhani umefungua chupa ya achari. Filamu inajikunja, inasinyaa, rangi inakimbia, joto na unyevu vinaharakisha, na Taiwan kama pwani yetu joto na unyevu ndio hali ya hewa yenyewe. Mpaka Yang anafariki, kwa sinema za biashara huko Marekani alikoishi walikuwa wameonyeshwa muvi yake moja tu, Yi Yi ya mwaka 2000, ile iliyompa tuzo ya dairekta bora kwenye tamasha la Cannes. Dunia ikampigia makofi kwa kazi yake ya mwisho, za mwanzo hawajaziona. Alifariki tarehe 29 Juni 2007, saratani ya utumbo mpana, ana miaka 59.

Mwaka huohuo wa 2007 dairekta wa Kimarekani Martin Scorsese akaanzisha mradi wa kuokoa filamu za nchi ambazo hazina uwezo wa kuhifadhi za kwao, leo unaitwa World Cinema Project. Ndio haohao waliorudisha kwenye hali yake filamu ya Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, kwahiyo mkono huu umeshafika kwetu pia. Mwaka 2009 wakarudisha A Brighter Summer Day ya Yang. Baadaye zamu ikafika ya hii yetu. Kazi ikafanywa Bologna, Italia, maabara ya L'Immagine Ritrovata, kwa kushirikiana na hifadhi ya filamu ya Ubelgiji na mtu mmoja binafsi, jina lake limeandikwa pale kwenye skrini, nilipoliona nilisimamisha picha. Hou Hsiao-hsien. Miaka 30 imepita, nyumba iliwekwa rehani, muvi ilikaa siku 4, rafiki ameshazikwa, na yeye bado yuko na hiyo muvi mkononi.

Kurudisha filamu siyo kubonyeza kitufe. Sekunde moja ina picha 24. Muvi ya dakika 119 ina picha zaidi ya laki 1 na elfu 70, na kila moja inapitishwa kwenye skana peke yake, alafu wanakaa watu kuondoa vumbi, mikwaruzo, madoa, kutuliza picha inayotikisika. Na ngumu kuliko zote ni rangi na giza, maana kompyuta inaweza kukung'arishia usiku mpaka uonekane mchana, nani atakuambia usiku wa mwaka 1985 ulikuwa mweusi kiasi gani? Anahitajika mtu aliyekuwepo.

Nilipoiona hii kopi mpya kwa mara ya kwanza nilisubiri kipande kimoja. Wale vijana juu ya paa mbele ya lile tangazo kubwa la taa la Fuji. Kwenye kopi yangu ya zamani lilikuwa ni doa la mwanga na vivuli, nilikuwa nadhani ni kasoro ya kanda. Kumbe ni tangazo la biashara limejaza skrini nzima na vijana wamesimama mbele yake weusi tii, wadogo, kama sisimizi kwenye kioo cha taa. Kampuni ya kuuza filamu za kamera inawaka kuliko mji wenyewe. Na zile pikipiki nilizokuwa nazisikia tu gizani, nikaziona, taa kwa taa, vijana wanazunguka mji wa usiku wasio na pa kwenda. Miaka yote ile nilikuwa naipenda muvi ambayo nusu yake sijawahi kuiona.

Mwaka 2017 ndio ikazunguka kwenye sinema za Marekani na ikatoka kwenye diski, na tangu hapo ikaanza kufika kwa watu kama mimi na nyie. Watu walioandika kuhusu hiyo muvi mwaka ule walikuwa wanaandika kama muvi mpya. Ilikuwa na miaka 32.

Kuna jambo la mwisho, na ni zito kidogo kwangu. Mwezi wa 10 mwaka 2023 familia ya Hou ilitoa taarifa kwamba ameacha kazi ya filamu, ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu. Mtu aliyechukua Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1989 kwa A City of Sadness, filamu ya mambo ambayo nchi yake ilikatazwa kuyakumbuka. Tangu nisikie hivyo siwezi kuangalia mwisho wa Taipei Story kama zamani. Lung kachomwa kisu na yule kijana wa pikipiki, usiku, barabarani hamna mtu, anajikokota anakaa chini pembeni ya takataka ambapo kuna TV mtu kaitupa. Anaiangalia. Ni TV mbovu haijachomekwa popote, lakini yeye anaona humo ule usiku wa ubingwa, watoto wa besiboli, kelele za watu, yuko humo ndani ana miaka 12. Na anacheka kidogo. Yule siyo Lung peke yake pale, ni Hou mwenyewe wa mwaka 1985, miaka 38, nyumba yake iko rehani, rafiki yake yuko nyuma ya kamera, na asubuhi muvi bado haijaanguka.

Nimemuomba kijana wetu wa mashine aturudishie hapohapo, kuanzia pale Lung anaposhuka barabarani. Ni dakika chache. Wenye safari nendeni salama na asanteni sana kwa kuja, mnaobaki sogeeni viti vya mbele, na aliye karibu na swichi naomba azime taa.